Ua moja majina mawili, lipi sahihi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Huku kwetu Morogoro mvua zikianza tu kuna ua jekundu la duara kama mpira linachomoza chini, halina hata jani. Kitabu cha zamani cha babu kinaliita Haemanthus, dogo wangu wa chuo anabisha eti ni Scadoxus. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba. Wote wako sawa ila dogo ndo anaenda na wakati. Zamani yote yaliwekwa kapu moja la Haemanthus, baadae watu wakaanza kuhesabu kromosomu, yaani vijiuzi vinavyobeba urithi ndani ya seli: unachukua ncha ya mzizi mchanga unailoweka kwenye dawa ya kolkisini ili seli zinazogawanyika zisimame hapohapo, unaitia rangi unaiponda kwenye kioo halafu unachungulia kwenye hadubini. Haemanthus wenyewe wa kusini mwa Afrika wana 16, hawa wetu 18! Ukiongeza na majani, maana Haemanthus kawaida ana mawili tu na Scadoxus yanapanda kwa kuzunguka, ndo mwaka 1976 wataalamu wa mimea Friis na Nordal wakawatenganisha rasmi. Jina Scadoxus lenyewe lilikuwepo tangu karne ya 19, lilisahaulika tu.

Ila namba peke yake haitoshi kwa kweli, kuna mimea kibao isiyo na undugu na ina 18 vilevile, ndo maana wanaangalia pia urefu na umbo la kila kromosomu. Na kitunguu cha ua hilo, kile cha chini ya udongo, kina sumu, watoto wasikichezee.