Nyeupe ya theluji kwenye kofia ya vita: ya kale au ya juzi?

SWALI: Naishi Ujerumani. Nimeonyeshwa kofia ya chuma ya jeshi la Ujerumani, aina ya M40, iliyopakwa nyeupe ya kujificha thelujini. Muuzaji anadai ilikuwa karibu na Moscow, 1941. Nitajuaje kama rangi ni ya wakati huo?

JIBU: Ndugu msomaji, Moscow iweke kando kwanza, maana ndiyo hadithi inayouza. Ni kweli jeshi lile liliingia kwenye baridi ya 1941 bila vifaa vya kutosha, na askari wakapaka kofia chochote cheupe walichopata, hata chokaa. Kwa hiyo hakuna mtindo mmoja wa kulinganishia, na waghushi wanalijua hilo.

Tumia kioo cha kukuza. Chini ya nyeupe utegemee rangi ya kiwandani, kijivu chenye chembechembe. Nyeupe iliyotumika vitani hubaki kwenye vibonde vya chembe hizo, ikalika juu yake, ukingoni, utosini na kwenye ribiti tatu zinazoshika ngozi ya ndani. Uchakavu uliotapakaa sawasawa kote ni wa msasa. Kisha fuata mikwaruzo: iliyofika kwenye chuma iwe imekata nyeupe na kijivu kwa pamoja, na kutu ichomoze humo. Nikikuta nyeupe imelala juu ya kutu iliyokwisha kuchimba chuma, sinunui. Kutu ya namna hiyo ni ya ardhini au ya ghalani, na mpakaji alikuja baadaye.

Gizani, mulika kwa taa ya urujuanimno (UV). Ikiwaka buluu kama shati lililofuliwa kwa sabuni ya unga, yaelekea ni rangi ya baada ya vita. Isipowaka bado hujathibitisha kitu. Mghushi naye ana taa.

Usipanguse kwa asetoni, kile kiyeyusho cha kuondolea rangi ya kucha, hata muuzaji akikuhimiza. Rangi za zamani za nitro, yaani za nitroselulosi, nazo huyeyuka, na ukishaifuta hairudi. Maji pia hapana, yataondoa chokaa. Maabara ikikuambia kuna titani, kiungo cha rangi nyeupe, usikate tamaa, kwani rangi za titani ziliuzwa hata kabla ya vita. Waulize ni ya umbo gani la fuwele, kwani yako mawili: rutile ilienea zaidi baada ya vita, anatase ni ya zamani zaidi.

Kuhusu bei, mimi ningelipa ya M40 ya kawaida tu, nyeupe isihesabiwe, mpaka muuzaji akubali ipimwe.