Nyumba Ikianguka, Usikimbilie Kushukuru

Nyumba yetu ya bondeni, upande wa Mwanakwerekwe hapa Zanzibar, ilianguka wakati wa masika. Maji yalituama ndani, ukuta wa nyuma ukalegea, na kulipopambazuka paa lilikuwa limelalia vyombo. Sote tulitoka salama. Wiki hiyohiyo wenzangu wa kanisani wakaanza kunihimiza nitoe ushuhuda na sadaka ya shukrani.

Wewe uliyefikwa na jambo kama hili, usishukuru kwa kuwa umeambiwa. Lia kwanza, na umlilie Mungu mwenyewe. Zaburi zimejaa watu wanaomuuliza "Hata lini?", na ile ya 88 inaishia gizani bila mstari hata mmoja wa shangwe. Niliisoma usiku kwa usiku kwa shemeji, watoto wamelala mkekani, na ndiyo iliyonirudisha kwenye sala. Kabla ya hapo kanisani nilionekana Krismasi na Pasaka. Maneno ya "Mungu ana makusudi yake" yalinifunga mdomo. Kwa nini tunapenda kumsemea Mungu mbele ya mtu ambaye nguo zake bado zimelowa?

Wapo pia watakaokwambia wengine wamepoteza zaidi. Ni kweli, lakini haisaidii. Kanisa Kuu la Mkunazini, lile la Anglikana pale Mji Mkongwe, limejengwa palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa 1873, na wengi wa waumini wa mwanzo, wa hapo na wa Mbweni, walikuwa watumwa walioachiwa huru, waliochukuliwa kwao bara wakiwa wadogo. Nilipokaa mle sikuona shida yangu imepungua. Niliona tu kwamba hapa watu wasio na kwao waliwahi kusali, basi na mimi sina haja ya kujikaza uso.

Shukrani ilinijia kwa majina ya watu. Ilikuwa Ramadhani, na bi mkubwa wa nyumba ya pili, Mwislamu, alitugawia futari yake, muhogo wa nazi. "Huu mtihani, mwanangu, stahamili," akasema, akaenda zake. Vijana wa mtaani wakachimbua mabati yaliyofukiwa, hawakutaka hata ya soda. Kila nikilala nilimtajia Mungu mtu mmoja na alichotutendea. Nyumba sikuitaja. Jaribu hivyo, hata moyo mkavu unaweza kutaja jina moja.

Na wakati unasali, fuatilia makaratasi. Chukua barua kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo lako, na taarifa ya upotevu polisi, kisha ndiyo uende kuulizia Kitambulisho cha Mzanzibari. Cheti cha ubatizo au cha ndoa ya kanisani usikihesabu kimepotea, kwani kanisa huandika kwenye daftari zake, waulize ofisini. Maji ya kisima kilichoingiliwa na mafuriko yachemshe, kipindupindu hakingoji mtu amalize kuomboleza.

Sadaka ya shukrani niliitoa baadaye sana, tulipokwisha kupanga vyumba Tomondo. Padri aliponiuliza atangaze ni ya nini, nilimwambia aseme ni kwa ajili ya majirani zetu wa bondeni, na awataje wote, Waislamu na Wakristo. Aliwataja, mmoja mmoja, misa ikachelewa kwisha.