Maswali ya wasomaji: Ping inajibu, mfumo umegoma

SWALI: Shikamoo dada. Ninahudumia kompyuta za kituo cha kununulia dagaa hapa Nansio, Ukerewe. Uzito na malipo tunayatuma kupitia VPN (njia yetu binafsi ndani ya intaneti) kwenye seva ya hifadhidata ya PostgreSQL iliyoko ofisini Kirumba, Mwanza. Asubuhi kazi inakwenda vizuri. Mchana, foleni ya akina mama wa dagaa ikishajaa, mfumo unagoma. Nikipiga ping inajibu. Kampuni ya intaneti inasema laini ni nzima, ofisi inasema seva ni nzima. Programu yetu ikizimwa na kuwashwa upya kule Kirumba, tunaendelea. Nianzie wapi? — Msomaji, Nansio

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Anzia kwenye hiyo habari ya kuzima na kuwasha. Laini mbovu haiponi kwa kuwashwa programu upya. Ndiyo maana nasita kuilaumu kampuni ya intaneti, ingawa dhana yangu haitoshi. Unahitaji ushahidi wenye saa na dakika.

Ping iliandikwa na Mike Muuss mwaka 1983, na hadi leo inajibu swali moja tu: je, kompyuta ile inafikika? Haigusi hifadhidata. Wewe unataka kujua kama poti 5432, yaani mlango wenye namba ambao PostgreSQL husikiliza, inakupokea. Kwenye Linux tumia netcat, programu ndogo ya kujaribu poti (weka anwani ya seva yenu badala ya hii yangu):

nc -zv -w 5 10.8.0.1 5432

Herufi z inaijaribu poti bila kutuma data, v inakueleza kilichotokea, na w 5 inakata subira baada ya sekunde 5. Hiyo w usiiache, maana bila hiyo amri inaweza kuning'inia dakika moja au mbili.

Sasa soma jibu kwa makini, kwa sababu hapa ndipo mafundi wengi wanapopita mbio. Ni kama kupiga hodi. Ukiona «Connection refused», mtu ameitika na kukukatalia: mara nyingi laini inafika, ila kwenye poti ile hakuna programu inayosikiliza. Ukiona «timed out», umebisha na kimya kimetawala: laini imekatika, au faiawoli (mlinzi wa mtandao) inameza hodi yako bila kujibu. Jibu la kwanza lipeleke ofisini. La pili ndilo la kuchunguza kwenye VPN, faiawoli na kampuni ya intaneti.

Lakini lipo jibu la tatu, nalo ndilo ninalolihofia kwako: netcat inafaulu na mfumo bado umegoma. PostgreSQL ikiachwa na mipangilio yake ya kawaida inapokea miunganisho 100 kwa wakati mmoja. Nafasi zikijaa, poti bado inaitika, kisha hifadhidata inakataa. Kwa hiyo skripti yako, yaani amri zinazojirudia zenyewe, ijaribu vyote viwili (mizani ni jina la mtumiaji na dagaa ni jina la hifadhidata; weka yenu):

while true; do
  nc -z -w 5 10.8.0.1 5432 && poti=wazi || poti=imegoma
  PGCONNECT_TIMEOUT=5 psql -w -h 10.8.0.1 -U mizani -d dagaa -c 'select 1' >/dev/null 2>>makosa.txt && db=sawa || db=imegoma
  echo "$(date '+%F %T') poti=$poti db=$db" >> kumbukumbu.txt
  sleep 60
done

Nywila iweke kwenye faili la .pgpass lenye ruhusa 600 (wewe tu ulisome na kuliandika), usiiandike ndani ya skripti. Na tafadhali usijaribu kwa jina la postgres: nafasi 3 hutengwa kwa ajili ya msimamizi mkuu, hivyo yeye anaweza kupita wakati mtumiaji wako mizani anazuiwa, nawe utadanganyika kwamba mambo ni shwari. Hakikisha pia saa ya kompyuta yako na ya seva zinalingana, vinginevyo kumbukumbu za Nansio na za Kirumba hazitasomeka pamoja.

Iache izunguke tangu asubuhi hadi kituo kifungwe. Kutoka kwako hadi Mwanza ni safari ya masaa kwa meli. Hakuna haja ya kuvuka ziwa kwenda kuangalia taa za ruta wakati mistari hii michache inaweza kukuambia. Jaribu seva yenu tu, kwa idhini ya ofisi. Kupapasa poti za watu wengine kunaweza kukuingiza kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Mchana ukikuta poti=wazi na db=imegoma, fungua makosa.txt. Ukiona «too many clients» au maneno ya nafasi zilizotengwa, mwombe aliyeko Kirumba aendeshe hii kama msimamizi, kabla hajazima chochote:

select state, count(*) from pg_stat_activity group by state;

Hesabu ya idle (miunganisho iliyo wazi bila kufanya kazi) ikiwa imefurika, programu yenu inafungua miunganisho bila kuifunga. Asikubali kuongeza tu ile 100, kwani nayo itajaa. Mpe aliyeitengeneza programu faili zote mbili pamoja na hesabu hiyo, arekebishe pale inapoacha miunganisho wazi. Akina mama wale wanastahili kulipwa mzigo wao siku hiyohiyo.