Fundi Akujibu: Kipande kimoja, fankisheni saba

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Shela, Lamu, nimetengeneza tovuti ya watalii kubuku safari za jahazi, iko kwa AWS Lambda, ile huduma ya Amazon ya kuendesha programu bila kutunza seva, fankisheni saba, yaani vijiprogramu saba. Sasa kile kipande cha kugeuza namba ya simu kutoka 07 iwe 2547 nimekikopi kwa zote saba. Juzi mteja wa namba ya 01 akakataliwa, nikarekebisha tatu, zile nne nikazisahau, nahodha akangoja gatini hapati hata meseji. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na nahodha mpe pole. Hiyo kodi, yaani maandishi ya programu, sio ile ya KRA, iandike mara moja tu. Weka fankisheni zote kwa mradi mmoja, fungua folda ya pamoja, mle tia faili simu.js lenye kile kipande, kila fankisheni iite kutoka hapo, halafu esbuild, chombo cha kufungasha kodi, ikifungasha itachukua kinachohitajika tu na kukitia kwa zipu ya kila moja, yaani kukopi inakopi mashine sio wewe. Kisha depuloi, yaani pandisha AWS, zote saba, usichague.

Utaambiwa utumie leya, yaani furushi la kodi la pembeni linalotumiwa na fankisheni nyingi. Si mbaya, inafunguka ndani ya folda ya /opt, fankisheni moja inabeba 5 tu na jumla na kodi yako isipite MB 250 zikishafunguliwa. Lakini toleo la leya halibadiliki, ukitoa la 2 fankisheni zinabaki na la 1 mpaka uziguse zote, umerudi palepale! Mie leya naiwekea mizigo mizito, kama ya kupunguza picha.

Na usifanye fankisheni iite nyenzake kwa ajili ya namba ya simu, moja ikingoja unalipia zote mbili.