Kodi ya Miezi Sita kwa Nyumba Usiyoiona

SWALI: Assalaam alaykum, Bwana Mhariri. Mimi ni mtumishi wa taasisi moja ya Muungano na nimepewa uhamisho wa kutoka Wete kwenda Bukoba, mji ambao sijapata kufika wala sina jamaa huko. Natakiwa niripoti mwanzoni mwa Machi, na nitakuwa na watoto wawili wa skuli ya msingi pamoja na mama yangu mzazi, ambaye miguu yake haimruhusu kupanda kilima. Dalali niliyeunganishwa naye kwa simu amenitumia picha za nyumba ya vyumba viwili na sebule, yenye choo cha ndani, na anasema ukifungua dirisha unaliona ziwa. Anataka nimtumie kodi ya miezi sita na mwezi mmoja wa udalali kabla sijaondoka Pemba, kwa sababu, kwa maneno yake, kuna watu watatu wanaigombania. Nilipe nisije nikaikosa, au nisubiri? — Msomaji, Wete.

JIBU: Waalaykumu ssalaam, dada yangu. Usilipe. Sisemi kwamba huyo dalali ni tapeli, kwa kuwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo na mwezi mmoja wa udalali ni desturi ya miji mingi ya Bara, na hata hapa Unguja mjini tumeshaizoea. Lakini fedha iliyotangulia kabla ya funguo haina mtetezi, na picha za simu haziwezi kukuonyesha jambo lililo kubwa kuliko yote katika mji ule, ambalo nitalieleza hivi punde. Ama hao watu watatu wanaoigombania nyumba, hao wako kwa kila dalali, kuanzia Darajani hadi Bukoba, na sijapata kusikia dalali aliyesema wako wawili.

Nenda kwanza peke yako, ufikie katika nyumba ya wageni, na familia uiache Wete hadi utakapokuwa na funguo mkononi. Kama uhamisho huu umetoka kwa mwajiri na hukuuomba wewe mwenyewe, mtumishi wa umma ana haki ya posho ya kujikimu na ya gharama za kusafirisha familia na mizigo. Liulizie hilo kwa maandishi kabla hujaondoka, kwa sababu likidaiwa baadaye huchukua muda mrefu kulipwa.

Sasa jambo lenyewe, nalo ni maji. Wewe ni mtu wa Pemba na mvua huiogopi, lakini Bukoba ni miongoni mwa miji inayopata mvua nyingi zaidi Tanzania Bara, takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mvua hiyo hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, yaani wakati ule ule unaotakiwa kuripoti. Katikati ya mji ni bondeni. Milima imeuzunguka upande wa nchi kavu, ziwa likiwa upande wa mashariki, na Mto Kanoni unapita humo humo mjini kwenda kumwaga ziwani. Mvua ikishuka kwa nguvu milimani, maji yote hutafuta njia ya kupita bondeni, na nyumba zilizojengwa karibu na mto na mitaro yake hufurika. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza jirani, wala si dalali, ni hili: mvua ya masika iliyopita, maji yalifika wapi? Kisha tazama kuta kwa macho yako. Ukikuta ukuta wa sebule umepakwa rangi mpya kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, na juu yake ni rangi ya zamani iliyofifia, au ukiona miguu ya kabati la jirani imewekwa juu ya matofali, umeshajibiwa bila ya kuuliza.

Picha ya dirisha linaloangalia ziwa nayo isikulaghai. Sisi wa visiwani tumezoea bahari inayojaa na kupwa, ikija asubuhi jioni imeondoka, na tunajua pwani ya kujengwa na pwani ya kuachiwa mikoko. Ziwa Viktoria halina kupwa na kujaa kwa namna hiyo: linapanda kwa miezi kwa sababu ya mvua na mito, na likipanda linakaa. Mwezi wa Mei 2020 lilifika kimo ambacho halikuwa limekifikia tangu miaka ya 1960, na watu waliokuwa wakiishi kandokando yake katika nchi zote tatu zinazolizunguka walihama makazi. Zaidi ya hayo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, hivyo mpangaji wa nyumba iliyojengwa humo anaweza kujikuta analipa kodi ya nyumba ambayo mwenyewe hana uhakika wa kuendelea kuwa nayo. Na kwa kuwa una watoto, kumbuka kwamba kichocho kipo ziwani pia, na kile cha huko ni kile kinachoshambulia tumbo na ini, tofauti na cha mkojo tunachokijua Pemba. Nyumba iliyo hatua chache kutoka majini ni nyumba ambayo watoto wake wataogelea kila siku, hata ukikataza.

Utaniambia kwamba mama hawezi kilima, na mimi nakwambia usiende bondeni. Kata kama Kashai na Hamugembe zina watu wengi na ziko karibu na soko, na nyumba za kupanga ni nyingi humo, lakini kila nyumba uichunguze kwa lile swali la mvua. Ukipanda juu, upande wa Rwamishenye na Kibeta, kuna hewa ya baridi na maji ya mvua hayasimami. Ila utafute nyumba iliyo kando ya barabara, ambayo gari au bajaji inafika mlangoni, ili mama asilazimike kupanda kwa miguu. Kwa rai yangu, nyumba ndogo zaidi iliyo juu na kando ya barabara inamfaa kuliko kubwa iliyo bondeni, hata kama nauli ya kwenda kazini itaongezeka. Mchukulie na blanketi. Uso wa ziwa lenyewe uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za huko si za Wete.

Huko juu maji ya bomba nayo yaulizie, yanatoka siku ngapi kwa wiki na saa ngapi, na kama kuna tangi la kuvunia mvua ya bati. Fungua bomba mwenyewe. Usiridhike na kuambiwa kwamba maji yamekatika leo tu.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni halifikirii. Tarehe 10 Septemba 2016 mkoa wa Kagera ulipigwa na tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9, likaua watu na kubomoa nyumba nyingi, na nyingine zikabaki zimesimama na nyufa zake. Baadhi ya nyumba hizo zilijengwa upya vizuri, na baadhi zilizibwa kwa plasta tu. Angalia pembe za madirisha na milango: ufa unaokwenda mshazari kutoka kwenye pembe ya dirisha, tena unaoonekana ndani na nje ya ukuta huo huo, si ufa wa rangi. Nyumba hiyo iache, hata kama kodi yake ni nafuu.

Ukishaipenda nyumba, muulize mwenyekiti wa serikali ya mtaa ni ya nani. Yeye ndiye atakayekuwa kwako mfano wa sheha, na itakubidi kwa vyovyote ukajitambulishe kwake, kwa hiyo ziara moja inatimiza mawili. Tahadhari hasa na nyumba ya urithi, ambapo ndugu mmoja anapokea kodi na wenzake hawana habari. Kwetu Pemba kesi hizo tunazijua. Mkataba uwe wa maandishi, wenye majina kamili ya mwenye nyumba na yako, kiasi cha kodi, tarehe ya kuanza na kumalizika, namba ya mita ya umeme, muda wa notisi, na maelezo ya hali ya nyumba siku uliyoingia. Fedha ilipwe siku ya kusaini, kwa jina lile lile lililo katika mkataba, na ujira wa dalali umpe baada ya kufungua mlango kwa funguo ulizokabidhiwa. Miezi sita si aya, dada yangu, omba mitatu. Mwenye nyumba anayemwona mtumishi mwenye barua ya uhamisho mara nyingi hukubali, kwa sababu anajua mshahara upo.

SWALI: Mhariri, mimi ni kijana wa Chake Chake na nimepanga chumba hapo hapo Bukoba, katika nyumba yenye wapangaji wanne na mita moja. Kila ninapopeleka mchango wangu wa umeme naambiwa umeme ni ghali, na kwamba kuna kodi ya jengo inayokatwa humo. Kwetu Pemba hatujaona jambo hili. Ni kweli au naibiwa? — H., Bukoba.

JIBU: Ni kweli, lakini si yote ya kwako. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo kwa Bara hukatwa kupitia ununuzi wa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia, na kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, ikapandishwa kuwa 1,500 mwaka 2023. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, si ya mpangaji. Anayenunua umeme anakuwa amemlipia tu, na ana haki ya kukatiwa fedha hiyo katika kodi ya pango, mradi mmekubaliana na risiti za LUKU zimehifadhiwa. Kuhusu ughali, sababu yake ni mita yenu. Mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi hutozwa bei ya chini sana, na nyumba ya wapangaji wanne inayotumia mita moja huivuka hesabu hiyo kwa urahisi, ikatozwa bei ya juu kwa wote. Mwombeni mwenye nyumba kila mpangaji awekewe mita yake. Akikataa, nunua mita ndogo ya kupimia matumizi ya chumba chako, uifungishe kwa fundi mwenye leseni, na mchango wako uhesabiwe kwa yuniti, si kwa vichwa.