Maswali ya Wasomaji: "Very", "quite", "hella" na wenzao

Barua za mwezi huu nyingi zimeuliza jambo moja: maneno ya kutia mkazo katika Kiingereza cha kila siku. Tumechagua nane.

Ninafundisha Kiingereza kidato cha pili. Kila nikisahihisha madaftari nakutana na "I very like ugali" na "My brother is very taller than me". Wanafunzi wakiniuliza kwa nini ni makosa, nabaki kuwaambia ndivyo ilivyo. Nisaidieni sababu watakayoielewa. – Mwalimu, Iringa

Mwalimu, mchokozi hapa ni "sana". Kwa Kiswahili neno hilo moja linafuata karibu kila kitu: napenda sana, mrefu sana, haraka sana, amenizidi sana. Mwanafunzi anachukulia kwamba "very" ni "sana" iliyohamia mbele, kumbe kazi yake ni nyembamba. Inakaa mbele ya kivumishi au kielezi ambacho hakilinganishi: "very tall", "very quickly". Basi.

Kitenzi haiwezi kukigusa. Hapo kuna njia mbili: "really" itangulie kitenzi, "I really like ugali", au "very much" ikae mwisho, "I like ugali very much". Waonye pia wasiichomeke "very much" kati ya kitenzi na yambwa. "I like very much ugali" ni kosa la pili linalozaliwa na kusahihisha la kwanza.

Kwa kulinganisha, chora ubaoni vijiti viwili, kimoja kirefu kuliko kingine. Kijiti kizima ni "tall", na hicho unaweza kukiwekea "very". Sasa weka alama kwenye kipande kilichozidi huko juu. Hicho ndicho "taller", yaani pengo, na pengo linatajwa kwa maneno ya kiasi: "much taller", "far taller", "a lot taller". Vijana katika mazungumzo husema "way taller". "Very" si neno la kiasi, ndiyo maana haiingii. Aliyewapita wote ni "by far the tallest". Mjanja mmoja darasani atakuja na "the very best". Mwambie hiyo ni sahihi, kwa kuwa hapo "very" haipimi pengo bali inasisitiza kwamba ni yeye hasa, wala si mwingine.

Kosa la tatu hukulitaja lakini tuna hakika limo madaftarini: "very freezing", "very huge". Kuna sifa zenye ngazi, kama "cold", na kuna sifa zilizokwisha fika kileleni, kama "freezing". Ndani ya "freezing" "sana" imo tayari. Sifa za kileleni huchukua "absolutely" au "completely", na kinyume chake "absolutely cold" husikika vibaya vilevile. "Really" inakubali pande zote mbili, kwa hiyo mwanafunzi aliyekwama kwenye mtihani aandike "really".

Zoezi: waandike jozi hizi kumi katika safu mbili, kisha wazitilie mkazo kwa sauti. Cold/freezing, big/huge, small/tiny, tired/exhausted, hungry/starving, bad/terrible, good/excellent, dirty/filthy, funny/hilarious, angry/furious. Safu ya kushoto "very", ya kulia "absolutely". Vipindi viwili vinatosha sikio kushika.

Mgeni kutoka Uingereza aliulizwa chakula kilikuwaje, akajibu "quite good". Mpishi akafurahi. Meneja wetu, aliyewahi kuishi huko, akasema hiyo si sifa. Nani yuko sahihi? – Mhudumu wa hoteli, Nungwi

Inategemea sauti ilipanda wapi. Mwingereza akibana "QUITE good", anamaanisha kinafaa, hakina ubaya, na mara nyingi kuna "lakini" inakuja nyuma: chumvi, kuchelewa, samaki kukauka. Akilipa uzito "GOOD", amependa. Mmarekani akisema "quite good" kwa kawaida anasifu kweli; kwake ni sawa na "kizuri sana". Kwa hiyo neno moja, meza mbili jirani, na maoni tofauti.

Kuna mtego mwingine. Mwingereza huyohuyo akilitumia "quite" na sifa ya kileleni, maana yake ni "kabisa". "Quite impossible" ni haiwezekani kabisa, na "you're quite right" hakupi nusu haki, anakupa yote. Kanuni ya kubeba ni hii: "quite" ikikutana na sifa yenye ngazi hupoa, ikikutana na sifa ya kileleni hukamilika.

Na Mwingereza anayetabasamu akasema "not bad at all" mpeleke jikoni akamsalimie mpishi. Kwa wenyeji wa kusifu kwa kujizuia, hiyo ni pongezi kubwa. Mkiwa na shaka, mhudumu aulize tu "Is there anything we could do better?" Mwenye "lakini" ataitoa.

Rafiki yangu ananicheka nikiandika "Thank you too much". Mbona "asante mno" ni sawa? – Mwanafunzi wa chuo, Nairobi

Kwa sababu "mno" ina nyuso mbili na "too" ina mmoja. "Nyimbo nzuri mno" ni sifa. "Chumvi nyingi mno" ni lalamiko. "Too" iko upande wa lalamiko: imepita mpaka, na kuna jambo limeharibika. "The tea is too hot" maana yake siwezi kuinywa. Ukimwambia mtu "thank you too much", umemshukuru kuliko inavyostahili. Andika "thank you so much" au "thank you very much".

Utasikia "you're too kind" na "that's too funny". Ni misemo iliyokwisha zoeleka, itumie ilivyo bila kuunda mingine kwa mfano wake. Katika kukanusha mambo hulainika: "I'm not too sure" ni "sina hakika sana" tu.

Nafanya kazi Boston na wenzangu husema "wicked smart". Binamu yangu aliyeko Oakland anasema "hella". Dada yetu Manchester anatuandikia "dead good". Je, tuchague lipi, na haya yametoka wapi? – Msomaji, Massachusetts

Hayo ni maneno yenye anwani. "Wicked" kwa maana ya "sana" ni alama ya New England, yaani Massachusetts, Maine na majirani. "Hella" ni ya California ya kaskazini, pande za San Francisco na Oakland. Manchester na Liverpool ni "dead good". Kusini mashariki mwa Uingereza vijana walileta "well good". Yorkshire bado wanasema "right good", kama wanavyosema baadhi ya watu wa kusini mwa Marekani. Glasgow ni "pure". Huko New Zealand hukata ulinganisho katikati: "sweet as", tamu kama… na hakuna anayesubiri mfano umalizike.

Hayatumiki kwa sarufi moja. "Wicked" na "dead" hukaa mbele ya sifa. "Hella" ni mlafi zaidi, hukamata hata nomino na kitenzi: "hella people", watu kibao, na "I hella like it". Ukisema "dead people" ukidhani ni watu wengi, utakuwa umetaja marehemu.

Watu wa California wanalipenda neno lao kiasi kwamba mwaka 2010 kulikuwa na ombi la kutaka "hella" liwe kiambishi rasmi cha vipimo kwa namba yenye sifuri 27. Halikupita. Mwaka 2022 wakuu wa vipimo duniani waliipa namba hiyo jina "ronna".

Kwa nini ubaya ("wicked"), kifo ("dead") na jehanamu ("hell" iliyomo ndani ya "hella") vigeuke kuwa "sana"? Mswahili asishangae. Dar mtu akikwambia pilau lilikuwa tamu balaa, hakuna balaa lililotokea. Na msichana mzuri hatari hahitaji polisi. Neno zito huazimwa ili lishtue, likirudiwa kila siku mshtuko unaisha, na vijana wanatafuta jingine. "Awfully" na "terribly" zilikuwa za hofu kweli. Leo "terribly kind" ni adabu ya bibi anayemimina chai. Hata "very" yenyewe ilifika kutoka Kifaransa ikiwa na maana ya "kweli", na kabla yake Waingereza wa kale walikuwa na "swithe", iliyokufa kabisa.

Mchague lipi? La pale mnapoishi, na baada tu ya kulisikia kwa wenyeji mpaka mjue halitumiwi wapi. "Hella" iliyosemwa Boston na mgeni huchekesha, lakini si kwa namna mnayotaka. Kwa usalama "really" inapita kila mji.

Mjukuu wangu anasema "I literally died" na yuko hai mbele yangu. Na kila sentensi ina "so". Je, lugha hii imeharibika? – Mstaafu, Tanga

Shikamoo mzee. "Literally" ya kutia chumvi ni ya zamani kuliko sisi sote: ipo katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 18, na kamusi ya Merriam-Webster inaiorodhesha. Mjukuu hajavumbua kitu. Tungemzuia mahali pamoja tu, penye kuhitaji ukweli wa neno: ripoti, ushahidi, taarifa ya daktari. Muuguzi akiandika kwamba mgonjwa "literally stopped breathing", daktari lazima aamini.

Kuhusu "so", kuna utafiti wa Sali Tagliamonte na Chris Roberts uliochapishwa mwaka 2005, uliochunguza mazungumzo ya tamthilia ya televisheni ya Marekani iitwayo Friends. Waliona "so" ikitumika kuliko "really" na "very", na wahusika wanawake wakiongoza. Sikio la dunia nzima limelishwa hapo kwa miaka.

Lililo muhimu kwa mjukuu ni sarufi yake. Katika maandishi ya shule "so" huacha deni: "so tired that he slept in class". Katika mazungumzo deni husamehewa, "I'm so tired!" Na mbele ya nomino yenye sifa haikai, si "so good teacher" bali "such a good teacher". Hilo mkazie.

"Bloody" ni tusi au si tusi? Filamu za Kiingereza zimejaa. – Msomaji, Mombasa

Ni kali kidogo, na ukali wake hubadilika kwa nchi. Mwaka 1914 London ilitikisika pale mhusika wa kike katika igizo la Bernard Shaw, Pygmalion, alipolitamka jukwaani. Mwaka 2006 idara ya utalii ya Australia ililiweka katika tangazo la kukaribisha wageni, na televisheni za Uingereza zikalizuia kwa muda. Waaustralia hulitumia kwa wepesi, Wamarekani kwa nadra.

Lina mchezo mmoja wa kupendeza: huingia katikati ya neno jingine. "Abso-bloody-lutely", "fan-bloody-tastic". Haliingii popote tu. Linakaa mara kabla ya silabi yenye mkazo mkuu, "LU" katika "absolutely" na "TAS" katika "fantastic". Mtoto wa Kiingereza hafundishwi kanuni hii, lakini ukimwambia "absolute-bloody-ly" atajua umekosea.

Lielewe ukilisikia. Kwa mteja, mkwe, mwalimu na askari, liache.

Naombeni mnisahihishie: "I am very very interested in this job and I am really hardworking and so committed." – Mtafuta kazi, Kampala

Futa manne yote. "Very very" ni ya mdomoni, "really" na "so" pia ni za maongezi, na mwajiri akikutana nazo nne katika mstari mmoja haamini hata moja. Weka ushahidi mahali pa mkazo: badala ya "very experienced" andika miaka yako na kazi uliyofanya. Barua ya ukurasa mmoja ibebe neno la mkazo moja, mawili yakizidi.

Na hilo moja lichague kwa jirani yake. Kwa Kiswahili mtu hulala fofofo, hulowa chapachapa, na giza ni totoro. Hakuna anayesema giza fofofo. Kiingereza kina ndoa kama hizo: "fast asleep", "soaking wet", "pitch dark". Kwa barua rasmi, zinazofaa ni "highly motivated", "keenly interested", "deeply grateful", "fully aware", "strongly recommend". Zijifunze zikiwa mbili mbili. "Deeply motivated" haikufukuzishi, lakini "highly grateful" huonyesha kwamba mwandishi alipekua kamusi.

Jaribu hivi: "I am keenly interested in this position and have worked in stores management for…" kisha taja miaka.

Nikimwambia mwanaume "You're pretty tall", nimemwita mrembo? – Msomaji, Mwanza

Hapana. Mbele ya sifa, "pretty" ni "kiasi cha kutosha", iko kati ya "fairly" na "very", na hutamkwa haraka bila uzito. Ndiyo maana "pretty ugly" haijipingi. "Pretty much" ni "karibu kabisa": "I'm pretty much done" yaani nimebakiza kidogo. Kwenye barua ya kazi usiiweke.