Mkataba unakukataza kwenda kwa mshindani? Anza na simu yako, milioni 20 baadaye

Mkuu, nimelielewa swali lako hivi: uko mauzo kwenye kampuni ya utalii hapa Arusha, umepata nafasi kampuni nyingine mtaa wa pili, na mkataba unasema ukiondoka hutafanya "kazi yoyote ya utalii, popote Tanzania, kwa miezi 24", ukikiuka unalipa milioni 20. Jibu fupi: hiyo milioni 20 isikunyime usingizi. Kinachowaangusha watu wengi ni orodha ya wateja waliyoondoka nayo kwenye simu.

Fungua mkataba uusome kwa kalamu. Chini ya kichwa kimoja huwa wamebananisha ahadi tatu au nne, na hazina nguvu sawa. Ya kwanza ni kutofanya kazi kwa mshindani. Ya pili ni kutowafuata wateja na mawakala wa kampuni. Ya tatu ni kutowavuta wafanyakazi wenzako. Ya nne ni kutunza siri. Wengine huongeza kurudisha gharama za mafunzo. Ya kwanza ndiyo dhaifu kuliko zote japo ndiyo inayotisha. Ya siri ndiyo yenye meno, na inakubana hata kama hiyo ya kwanza ikitupwa.

Sasa pima maneno. Msingi tuliourithi kwenye sheria za mikataba ni kwamba zuio la kumnyima mtu riziki halisimami mpaka mwajiri aonyeshe kuna kitu halali analinda, na kwamba zuio halizidi kinachohitajika kukilinda. Mwaka 1916 Baraza la Mabwana la Uingereza, mahakama yao ya juu enzi hizo, katika shauri la Herbert Morris dhidi ya Saxelby, lilikataa kumfungia mhandisi miaka 7 nchi nzima. Ujuzi ulioko kichwani na mikononi mwa mtu ni wake. Siri za biashara ndizo za mwajiri. Hukumu za kule haziwafungi majaji wetu, lakini hoja hiyo mawakili wanaitumia.

Kwa hiyo "kazi yoyote ya utalii" inamzuia hata mtu anayetaka kwenda kupika kambini njia ya Machame, Kilimanjaro. Hapo mwajiri analinda nini? "Popote Tanzania" wakati wewe unauza safari za kaskazini tu? Miezi 24 wakati bei za loji hubadilika kila msimu? Kifungu kikiwa kipana kiasi hicho kinajidhoofisha chenyewe. Ningeogopa zaidi kifungu kifupi: miezi 6, mawakala uliowahudumia mwenyewe mwaka wa mwisho, basi. Hicho kina uwezekano mkubwa wa kusimama.

Ipi siri, ipi siyo? Viingilio vya hifadhi si siri, TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) wanavitangaza. Kujua kupanga safari ya siku saba kutoka Tarangire mpaka Serengeti bila kumchosha mgeni, huo ni ujuzi wako. Lakini bei ambazo loji imeipa kampuni yenu kwa makubaliano, faida wanayoweka kwa kila wakala, barua pepe za wakala wa Ujerumani na maombi ya wageni ambayo hayajajibiwa, hivyo ni vya kampuni. Mjini Moshi kwenye biashara ya kahawa ni vilevile: ulimi wa muonjaji ni wake na bei za mnadani si siri ya mtu, ila orodha ya wanunuzi wa nje na bei walizopatana ni mali ya ofisi.

Ndiyo maana nikataja simu. Kosa linalojirudia ni mtu kujitumia faili la wateja kwenye barua pepe yake binafsi wiki ya mwisho, saa tano usiku. Kumbukumbu inabaki kwenye mtandao wa ofisi yenye tarehe na saa, na hapo mwajiri hahitaji tena kifungu cha mshindani, ana kesi ya siri iliyonyooka. Kosa la pili ni kuwaandikia mawakala ukiwa bado kwenye mshahara. Hilo ni utovu wa uaminifu kazini, unaweza kufukuzwa kabla hata hujaacha. La tatu, kubandika mtandaoni siku ya kwanza "nimehamia huku, karibuni wateja wangu wote". Unakuwa umemwandikia mwajiri ushahidi wake.

Utaratibu wa kuondoka: kwa anayelipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28. Mkataba unaweza kudai zaidi, kwa hiyo angalia. Barua iwe na nakala mbili, yako igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe. Usitaje unakokwenda, barua haihitaji hilo. Ila ukiulizwa ana kwa ana usidanganye, maana uongo huo utasomwa mahakamani kama dalili ya nia mbaya. Ukigoma kufanya kazi kipindi cha notisi, mwajiri anaruhusiwa kukata kiasi hicho kwenye fedha zako za mwisho. Lakini kuzuia mshahara kwa sababu tu unakwenda kwa mshindani hawezi. Stahiki za mwisho na hati ya utumishi ni haki yako. Akikatalia, nenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi (wapo Arusha na Moshi), ujaze fomu namba moja ndani ya siku 60. Kama unapinga kuachishwa, muda ni siku 30 tu.

Fanya makabidhiano kwa maandishi: kompyuta, laini ya ofisi, nywila, maombi ya wageni yaliyo wazi. Namba za wateja zilizoko kwenye simu yako binafsi zihamishie kwenye laini ya ofisi, kisha uzifute, na hilo liandikwe kwenye karatasi na lisainiwe na pande zote mbili.

Kabla ya hapo, omba kulegezewa. Wengi hawaombi, wakati waajiri wengi hukubali kwa sababu kesi ni gharama. Sentensi moja inatosha: "Naomba kifungu cha mshindani kibadilishwe, nibaki na wajibu wa kutunza siri na kutowafuata mawakala niliowahudumia, kwa miezi 6." Usiipeleke Juni msimu unapofunguka na kila mtu ana presha. Aprili na Mei watu wanasikilizana.

Barua ya madai ya wakili ikija, mara nyingi inakupa siku 7 au 14. Usiijibu kwa WhatsApp na usiikalie kimya, wakili wako ajibu. Wakitaka zuio la muda, yaani amri ya mahakama ya kukusimamisha wakati kesi inaendelea, mahakama zetu hutumia vigezo vya shauri la Atilio dhidi ya Mbowe la 1969: kuwe na hoja nzito ya kusikilizwa, madhara yasiyofidika kwa fedha, na upande utakaoumia zaidi. Hapo ile milioni 20 inaweza kukusaidia wewe: kama wao wenyewe walishaweka bei ya hasara, wakili wako atauliza kwa nini leo haifidiki. Na kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba hakilipwi kizimakizima. Sheria ya Mikataba, Sura 345, inakichukulia kama kikomo, mahakama inatoa fidia inayostahili ndani yake.

Huko unakokwenda, waonyeshe kifungu kabla ya kusaini na waandike nani atamlipa wakili likitokea la kutokea. Kisha soma na mkataba wao mpya, ukurasa wa mwisho. Mara nyingi kifungu kilekile kipo, kimenakiliwa mpaka nukta.